Maji Yalirudi Kabla ya Hesabu Yangu

Mwanangu Mwanasiti,

Mimi babako, Salim Mbwana wa Jomvu Kuu, nina miaka sabini na mitatu na meno yangu ya mbele yote ni yangu. Nimewazika ndugu zangu wanne, ambao niliwazidi wote kwa nguvu na wawili kwa akili. Nimemzika mamako mkubwa, mke wangu wa kwanza, Mungu amrehemu. Nimeishi kuliko machifu watano na mashoka nisiyoyakumbuka idadi. Yule daktari aliyeniambia niache chumvi tulimsalia mwaka juzi, na chumvi ningali naila. Kwa hiyo ninaposema jambo sisemi kama mpita njia.

Haya. Ijumaa baada ya sala ulikuja ukapiga magoti kwenye mkeka, ukasema, "Baba, naomba radhi zako. Jumatatu naondoka." Nikageuza uso nikatazama ukuta wa chumba chako, kana kwamba ukuta umeniita. Ukangoja. Kisha ukainuka ukaenda jikoni, na nikamsikia mamako akikwambia, "Mwache, atakuja mwenyewe." Sasa ni Jumapili, isha imeshasaliwa, begi lako limesimama kando ya mlango kama mgeni asiyekaribishwa, na mimi sijaja. Mdomo wangu haujui njia hiyo. Basi naandika, ijapokuwa kalamu na mimi hatukulelewa pamoja. Chuoni nilifika juzuu ya Amma, na herufi hizi za shule nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma migongo ya malori. Nani mwengine Jomvu aliyefanya hivyo? Hayuko.

Habari za sabuni na soksi na mafuta ya nazi mamako ashazimaliza, tena mara mbili. Mimi nataka kukwambia kwa nini nimekunyima radhi, maana ile sababu niliyokutajia siyo.

Nilikwambia jeshi si mahali pa binti wa Kiislamu. Ukainamisha kichwa. Lakini wewe wajua na mimi najua kwamba yule Kapteni Nduku ni mwanamke, na mamako alimpikia samaki wa nazi hapa hapa ukumbini, na mimi nikamsifu mbele ya watu nikasema huyu angezaliwa Jomvu angekuwa nahodha. Sababu siyo hiyo. Sababu iko kule kwenye tuta, siku ya maji.

Nimeinuka hapa nikaenda hadi uani nikarudi. Miguu yangu leo haitaki kukaa.

Nitakusimulia kama nilivyoona mimi, maana wewe ulikuwa ndani ya tope na mimi nilikuwa juu. Unapajua nyuma ya tuta, lakini hukupajua palipokuwa pazima. Mimi nimekata boriti mle ndani tangu sijaota ndevu. Mikoko ilikuwa imesongamana hata ukiingia adhuhuri unadhani magharibi imekaribia. Nilikuwa natoa korija nzima, boriti ishirini, peke yangu, kabla wenzangu hawajamaliza kunoa mashoka. Muulize yeyote, kama utampata aliye hai. Kisha likajengwa lile tuta la malori, likakata mkono wa maji. Bahari ikawa inakuja hadi kwenye tuta, inagonga, inarudi. Mikoko ya nyuma ikafa imesimama, ikawa myeupe kama mifupa, na ardhi ikatoa chumvi. Bi Rukia na kikundi chenu cha wanawake mkapanda miche mara tatu, na mara tatu ikakauka. Mimi nikawacheka. Nikasema, mnafuga samaki mezani.

Ndipo likaja jeshi. Nakumbuka mkutano ule chini ya turubali, wewe ulikuwa unagawa maji ya chupa. Kapteni Nduku akasimama na Kiswahili chake cha bara, akasema, "Wazee, sisi kila mwaka tunafanya mazoezi. Tunachimba handaki, tunajenga daraja, tunabeba magunia ya mchanga, alafu tukimaliza tunafukia yote tunaenda nyumbani. Mwaka huu tumesema, hii kazi tufanye mahali itasaidia mtu."

Athumani Kombo, hasidi yangu wa miaka yote, akauliza, "Na bunduki zenu mtazipanda wapi?"

Watu wakacheka. Yeye naye akacheka. Akasema vijana wake wanahitaji kujifunza kufanya kazi kwenye tope, maji yanapokuja na kutoka, maana vita na mafuriko havichagui ardhi kavu. Na sisi tunahitaji tuta litobolewe ili maji yaingie. Watalitoboa, watajenga daraja la mbao juu yake watu wapite, na wanawake watapanda miche yao mahali ambapo bahari inafika. Zoezi lao, mikoko yetu. Nilipenda hesabu ile, ingawa sikusema. Maji aliyaita hii maji, basi nilisema tu, "Si hii maji, binti, ni haya maji," naye akasema, "Asante, mzee, haya maji." Nikamuona ana adabu.

Sasa sikiza, maana hapa ndipo penyewe.

Unakumbuka mwandamo wa Mfungo Sita. Sisi wazee wa msikiti kila ishirini na tisa tunatoka baada ya magharibi, tunasimama pale wazi tukitazama upande wa Mazeras, linakotua jua. Jioni ile kulikuwa na wingu zito. Nikasema, "Ule pale." Wakasema, "Wapi?" Nikasema, "Pale, chini ya lile pengo." Hakuna aliyeona. Maalim Said akanisogelea akanipa nafasi ya kurudi, akaniambia kwa upole, "Mzee Salim, umeuona au umeutamani?" Mtu mwenye busara angecheka. Mimi nikaapa. Nikala yamini mbele ya wanaume wote kwamba nimeuona mwezi kwa macho haya. Wakakataa ushahidi wangu, msikiti ukahesabu thelathini, na mimi nikaanza mwezi wangu peke yangu nyumbani kwangu, siku moja mbele ya Jomvu nzima. Mamako alipouliza maulidi tutasoma lini, nikamwambia, "Maulidi ya watu au maulidi ya haki?"

Wewe wajua sisi watu wa hori, wa mkono huu wa bahari, hatuhesabu maji kwa saa ya ukutani. Tunahesabu kwa mwezi. Ukijua mwezi una siku ngapi, wajua maji yatatoka lini na yatarudi lini, na kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Mtu aliyetangulia siku moja katika mwezi atakuwa anayangoja maji karibu saa nzima baada ya kufika kwake. Nami nilikuwa nimetangulia. Siku tatu kabla ya zoezi nilishuka ufukweni, na siku zote tatu maji yakaja kabla ya hesabu yangu. Nilifanya nini? Nikasema upepo. Siku ya pili nikasema ni mvua za bara. Siku ya tatu nilisimama pale, maji yamenifika kwenye vifundo, nikayaambia, "Mmekosea." Wallahi nilisema hivyo, na kaa wakanisikia. Ningekiri maji, ningekiri mwezi, na Athumani angecheka mpaka kaburini kwangu.

Asubuhi ya kazi walikuwa wameshalichimba tuta karibu lote. Upande wa bahari kulikuwa na ukuta wa magunia ya mchanga kuzuia maji, na vijana wako chini, kwenye mfereji, wanachimba kuelekea jangwa la chumvi. Kapteni akanijia na simu yake mkononi.

"Mzee, jedwali linasema maji itafika hapa kabla ya adhana ya mchana. Wewe unasemaje?"

Nikamuuliza, "Hilo jedwali ni la wapi?"

"La bandarini."

"Basi. Bandarini ni bandarini. Maji yakipanda hori hadi huku Jomvu yanachoka njiani kama mtu mzima. Na mwezi wa jedwali lako ni mwezi wa nani? Waache vijana wafanye kazi. Mimi nitakwenda kusali adhuhuri, nirudi, ninywe kahawa, ndipo maji yatafika kwenye magunia."

Kuhusu maji kuchoka njiani nilisema kweli, na ndiyo maana akanisadiki. Uongo wangu ulikuwa umevaa nguo za ukweli. Akafikiri, akasema, "Sawa. Wenyeji ndio wanajua." Akaitia simu mfukoni.

Wewe ulikuwa nyuma yangu umebeba karai la miche. Ukasema, taratibu, "Baba, jana maji yalifika kabla."

Nikageuka. Najua uso niliokutolea. Nikasema mbele ya jeshi zima, "Tangu lini kifaranga akamfundisha kuku kuparura?" Wale vijana wakacheka, maana niliwachekesha makusudi. Ukasema, "Samahani, Baba." Ukaenda na karai lako.

Nimesimama tena. Nimekunywa maji. Hii kalamu inatoa jasho.

Maji hayakungoja hata muadhini akohoe. Nilikuwa bado pale juu ya tuta nikimueleza sajini mmoja jinsi nilivyobeba boriti mbili begani, niliposikia magunia yakiguna. Wewe ulishasikia zamani. Ulikuwa umeshatupa karai na unakimbia ukipiga kelele, "Tokeni! Tokeni mferejini!" Wengi wakatoka. Gunia la chini likaenda, na la juu likafuata, na maji yakaingia kwa sauti ambayo sikuisikia pale tangu ujana wangu. Wawili wakabaki. Mmoja ulimvuta kwa kamba. Wa pili, yule Wekesa, mkubwa kama mlango wa msikiti, alikuwa amezama tope hadi mapajani, na kila akivuta mguu huu, ule mwengine unakwenda chini.

Mimi nilikuwa wapi? Juu ya tuta, mdomo wazi. Sijamwambia mtu hilo. Watu waliniona nimesimama, wakadhani naongoza.

Ulichukua ubao wa daraja ukaulaza juu ya tope, ukalala kifudifudi juu yake, ukatambaa. Nikakusikia.

"Lala! Lala chali!"

"Nitazama!"

"Ukisimama ndiyo utazama! Lala kama uko kwenu, kaka! Kwenu wapi?"

"Kitale!"

"Kitale kuna tope?"

"Kuna matope, lakini ina heshima!"

Walioko ukingoni wakacheka huku wanalia. Akalala. Maji yakaingia chini ya miguu yake yakalegeza tope, nawe ukamwambia asivute, ateleze, na wenzake wakaivuta kamba. Akatoka bila viatu. Tope halimpendi mtu anayesimama. Hilo nilikufundisha mimi, ulipokuwa huna hata miaka saba, na tulipokuwa tukirudi nyumbani nilikufundisha pia kwamba mkubwa hasahihishwi mbele ya watu. Mafunzo mawili, mwalimu mmoja, na siku ile hili la pili lilikaribia kuua watu na lile la kwanza likawaokoa.

Na unajua nililolifanya baada ya hapo, maana ulikuwepo na hukusema. Maji yalipoingia yalikata tuta pana kuliko walivyokusudia kuchimba, yakatandaa jangwani hadi kwenye mikoko iliyokufa. Watu wakashangilia. Wiki nzima nikakaa barazani nikisema ndiyo hesabu yangu hiyo, kwamba nilijua maji yatamaliza kazi yenyewe, jeshi lilihitaji tu kusogea. Mbao za daraja lao zilisombwa, wale vijana wakafanya kazi siku nyingine tatu kulijenga upya, na mimi nawaambia watu hesabu yangu.

Kapteni Nduku hakunilaumu. Ningelaumiwa ningejua la kujibu. Alikuja siku ya kuaga, akapewa wali na huyo samaki wa nazi, akaniambia, "Mzee, nyumbani kwako kuna mtu anajua maji." Nikajinyoosha kidogo, nikasema, "Nashukuru, binti." Akasema, "Sikusema wewe, mzee. Nilisema Mwanasiti." Mamako akaingia jikoni haraka, na najua alikwenda kucheka.

Basi ulipotangazwa usajili wa jeshi ukaenda ukakimbia mbio zao, ukawashinda wenzako, ukarudi na barua ya kuitwa. Na mimi nikaona kwamba jeshi limemchukua aliyekuwa sahihi na kuniachia mimi niliyekosea. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ni wivu, mwanangu. Mzee wa miaka sabini na mitatu anamuonea wivu binti yake kwa sababu ya ukuta wa magunia.

Sababu ya pili ni ndogo na ndiyo inayoniinua kitini. Juzi nilishuka kwenye tuta peke yangu. Miche ya Bi Rukia imesimama, kila mmoja na majani manne au sita, na kaa wamerudi, na samaki wadogo wanaingia na maji kama watoto wanaoingia chuo. Nikasimama hapo nikahesabu, maji yatafika lini. Nikageuka nyuma nikuulize. Hukuwepo, ulikuwa Changamwe unanunua begi. Nani ataniambia maji yamefika, Mwanasiti? Mamako ananiogopa kidogo na ananipenda sana, na wenye mambo hayo mawili hawasemi.

Huko unakokwenda kutakuwa na watu wenye sauti kama yangu, na nyota mabegani juu yake. Mimi amri za jeshi sizijui, siwezi kukufundisha. Najua mzee mkaidi tu, maana nimekaa ndani yake muda mrefu. Mzee mkaidi akikosea huwa anajua. Anajua kabla yako. Siku ile kwenye tuta nilijua. Uliponiambia mara ya kwanza nikakucheka, na moyo wangu ukasema, "Akisema tena, nitakubali." Nakuapia, safari hii si yamini ya mwezi. Ungesema tena, ningemwita Kapteni. Nilikungoja. Wewe ukasema samahani ukaenda na karai lako, kwa adabu niliyokutia mwenyewe.

Sikulaumu. Nakuomba tu. Ukiyaona maji, sema. Wakikucheka, sema mara ya pili.

Radhi zangu nakupa kwa neno hilo, na kwa mengine yote sikuwekei sharti.

Jambo moja bado, halafu nitaweka kalamu. Leo tumetoka kutazama mwandamo wa Shaabani. Wingu lilikuwa lile lile, upande ule ule wa Mazeras. Athumani akasema, "Ule pale, mwembamba!" Na wengine wawili wakasema wameuona. Maalim Said akageuka kwangu kama desturi, na nikaona anajikaza kama mtu anayengoja jino ling'olewe. "Mzee Salim, umeuona?"

Nilitazama mpaka macho yakatoa maji. Nikasema, "Sikuuona."

Wote wakaacha mbingu wakanitazama mimi. Athumani akaniuliza kama naumwa.

Kama husadiki kwamba babako alitamka neno hilo mbele ya wanaume, muulize Maalim Said, ambaye hasemi uongo. Au muulize Athumani Kombo, ambaye hanipendi, kwa hiyo hawezi kunisingizia jema. Bi Rukia naye alikuwa akipita na ndoo, akasimama. Habari za tope muulize Wekesa, huenda utamkuta huko, mwambie viatu vyake vimeonekana, Bi Rukia amepanda mche katika kimoja. Na habari za radhi, shahidi ni mamako. Amesimama mlangoni sasa hivi ananiambia nizime taa, na mstari ule wa radhi nimemsomea kwa sauti, kubwa kuliko masikio yake yanavyohitaji, nikiwa nimeuelekea ukuta wa chumba chako.

Babako,
Salim Mbwana